Usingizi wa Mgeni

Mimi si mtu wa kulala ovyo, hilo naomba lieleweke kabla sijaanza. Miaka tisa nimekaa Tacoma, kule Amerika, nikiosha na kulisha wazee wa watu, zamu ya mchana, saa moja hadi saa moja, na hakuna siku msimamizi wangu alinikuta nimesinzia kwenye kiti. Wenzangu walikuwa wanalala mdomo wazi. Mimi hapana. Kwa hivyo hiki nilichofanya Jumamosi ile ya visiting sijui nikiite nini, lakini uvivu haukuwa.

Nilifika Jumanne jioni. Ndugu yangu Kiama, anayekaa Nkoroi, alinichukua uwanja wa ndege akanileta Kitengela kwa mama, mimi na masanduku yangu mawili. Nilikuwa njiani saa ishirini na sita ukihesabu na ile kungoja ndege ya pili, na sikuwa nimelala hata nusu saa. Kiama alikuwa ananitajia kila gorofa jipya na mwenyewe, na mimi nasema aisee, aisee, bila kusikia kitu. Kitengela niliyoiacha ilikuwa nyumba na nafasi. Hii ilikuwa nyumba tu.

Kilichonizuia kurudi miaka yote hiyo ni makaratasi. Ukitoka kabla hayajakamilika, kurudi ndani ni kizungumkuti, na karo ya Kui ilikuwa inatoka huko huko.

Kui ni binti yangu. Nilimwacha akiwa na miaka minane, meno mawili ya mbele bado yanamea. Sasa ana kumi na saba na yuko Form Three, shule ya bweni ya wasichana nje kidogo ya mji wa Kajiado. Jina lake kamili ni Wangui, ambalo ni jina la mama yangu. Kwetu mtoto hupewa jina la nyanya yake, na mimi niliyemzaa namwita mami, vile vile ninavyomwita mama mwenyewe. Baba yake hayumo katika maneno haya, na hata kwa maisha yetu hakukaa.

Sasa, visiting. Ni Jumamosi moja kila muhula. Wazazi wanabeba vyakula, wanatandika leso kwenye nyasi, mtoto anakula chapati tano kabla ya kupumua, na matokeo ya hesabu mnaambiwa mkiwa mmeshashiba ndiyo msipige kelele. Tangu Kui aingie Form One zilikuwa zimepita saba, na zote saba alikwenda mama. Hii ya nane ndiyo niliyoikatia tikiti. Nilipewa siku kumi na mbili za likizo, na ndani yake kulikuwa na Jumamosi moja, saa nne asubuhi hadi saa kumi. Shule ingefungwa mimi nikiwa nimesharudi Tacoma. Ilikuwa siku hiyo au basi.

Kui hakujua ninakuja. Mara mbili miaka ya nyuma tulikuwa tumemwambia, na mara mbili makaratasi yakakwama. Mara ya pili alikuwa ameosha mpaka mapazia. Mama akasema safari hii mtoto haambiwi kitu mpaka anione kwa macho yake, na mimi nikakubali, ningesema nini.

Usiku wa kwanza nililala saa mbili, saa saba nikaamka macho makavu kabisa. Nilikuwa kwa kitanda cha Kui, maana chumba ni chake. Nilijigeuza, nikahesabu, nikasali, wapi. Mwili wangu ulikuwa Tacoma na huko ilikuwa saa tisa alasiri, wakati wa kumpeleka mzee wangu mmoja kwenye dirisha aone magari. Mbwa wa jirani alibweka mpaka saa tisa halafu naye akalala. Nilibaki mimi na tangi la maji linalodondoka nje.

Ukiwa macho namna hiyo na watu wote wamelala, unajua vile uko peke yako. Kule Tacoma nikiwa mpweke nilikuwa najiambia, ngoja, nyumbani wapo. Sasa nilikuwa nyumbani, na wapo, ukuta mmoja tu kati yetu, na bado nilikuwa peke yangu. Niliwasha taa nikaanza kuangalia vitu vya binti yangu kama mpelelezi. Kopo la mafuta ya kujipaka, limekwanguliwa mpaka chini. Viatu ambavyo ni saizi yangu. Daftari la insha la darasa la saba, nikalisoma lote. Kulikuwa na moja ya safari niliyoifurahia, ameandika walivyokwenda harusi Kimuka na cucu, yaani nyanya yake, gari likapata pancha, cucu akavua viatu vya kanisa akasukuma pamoja na vijana. Nilicheka peke yangu. Halafu nikaona vibaya, kwa sababu tulikuwa tunaongea kwa simu kila Jumapili na hiyo safari sikuwahi kuisikia.

Kukicha, mambo yanageuka. Saa tatu asubuhi, watu wa heshima wakichemsha chai ya pili, kwangu ilikuwa saa tano ya usiku, na usingizi ulinijia kama mtu amenizima. Nilikuwa naanguka popote nilipo. Kiama akanipigia akasema amesoma kwa simu kwamba dawa ya jet lag ni jua, nikae nje, na nisilale mchana hata nikibembelezwa. Nikamwambia mama tafadhali, ukiniona nimelala mchana niamshe. Mama akasema sawa. Hakuniamsha.

Mama ana miaka sabini na moja. Duka lake la mbegu na dawa za mifugo aliliendesha Kitengela miaka mingi mpaka magoti yakakataa, na si mwanamke wa mikono laini. Tulipokuwa watoto hakuwa anatuamsha, alikuwa anatufukuza kitandani. Saa kumi na moja alfajiri blanketi linavutwa kwa mkono mmoja, mkono wa pili una kikombe cha maji baridi, na jina lako linatajwa lote, la ubatizo na la kwetu, mpaka majirani wanajua nani bado amelala. Kiama alikuwa analala na sweta na soksi, tayari kwa vita.

Mama huyo huyo Alhamisi aliniacha nikalala mpaka saa tisa alasiri. Nilipoamka mapazia yalikuwa yamefungwa, redio imezimwa, na nilikaa muda kabla sijajua ni nini kingine kimekosekana. Ni jogoo. Alikuwa amempeleka kwa Mama Kaloki, jirani, na kamba mguuni, ili asinisumbue. Kupitia dirishani nikamsikia akiwaambia wanawake wa kanisa waliokuja kunisalimia, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba mgeni amelala, warudi siku nyingine.

Nilicheka, mgeni. Lakini kuanzia hapo nikaanza kuona. Chai nilikuwa napewa kwa vikombe vya kabati la vioo, vile vya maua, ambavyo zamani ukivigusa tu unakula kofi. Shuka zilikuwa mpya, na mkunjo wa dukani bado uko. Nikishika sufuria nioshe, mama ananinyang'anya, ati nipumzike, nimetoka mbali. Nikiuliza chumvi iko wapi, anainuka yeye kunichukulia. Mtu hawezi kukasirikia kutunzwa, lakini nilikasirika, na sikujua pa kuipeleka hasira yenyewe. Nikanywa chai.

Ijumaa nilijikaza. Nilikaa juani mpaka pua ikachubuka. Nilikwenda sokoni nikanunua ndoo ya buluu yenye kifuniko chekundu, ya chapati, nikanunua kuku wawili. Mutunga, jirani mwenye gari la Probox, akakubali kutupeleka Kajiado, aje saa mbili asubuhi. Kufika jioni nilikuwa natembea kama mlevi. Nikalala saa moja unusu. Saa saba usiku, hayo, macho mbele.

Kwa mara ya kwanza nilifurahi. Niliingia jikoni, nikafunga mlango, nikakanda unga. Nilipika chapati arobaini usiku ule, moja moja, nikazipaka mafuta pande zote, nikapika kuku kwa dania na nyanya nyingi, kwa sababu mtoto aliwahi kusema kwa simu kwamba kuku wa shule hawana mchuzi. Mbwa alibweka mpaka saa tisa na mimi nikamwambia bweka ndugu yangu, tuko pamoja. Nilipanga maneno ya kumwambia Kui nikayabadilisha mara kumi. Saa kumi na moja unusu kila kitu kilikuwa ndani ya ndoo. Nikaoga, nikavaa gauni la zambarau, nikavaa viatu kabisa. Simu nikaiwekea kengele ya saa moja, nikaiweka juu ya meza, na mimi nikakaa kwenye kiti cha sebuleni, kidogo tu, nipumzishe mgongo.

Nilipofungua macho kulikuwa na giza la mapazia na saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa tisa na dakika kumi. Nikashukuru Mungu. Nikajua ni saa tisa usiku, bado niko na muda wa kutosha, hata nikajikunja vizuri ndani ya blanketi. Halafu nikajiuliza blanketi limetoka wapi. Nikaangalia miguu. Viatu vilikuwa vimevuliwa, vimewekwa pamoja kando ya kiti, vinatazama mlango. Nje kulikuwa na watoto wanacheza mpira, na chini ya pazia kulikuwa na mstari wa jua.

Sijui nilisema nini. Nilikimbia jikoni nikakuta ndoo hakuna, sufuria ya kuku hakuna, leso ya kutandika hakuna. Mama alikuwa amebeba kila kitu isipokuwa mimi. Simu niliitafuta mpaka nikaiona kwenye kona ya jikoni, imezungushiwa taulo na kufunikwa na sufuria kubwa ya maharagwe. Kengele ilikuwa imelia ikachoka. Haikuwa na ujumbe wowote, maana mama hapendi kuandika, na nilipompigia simu yake ikaita chumbani kwake.

Nilifika barabarani bila kuchana nywele nikapata basi la Namanga linalotoka. Nilisimama mlangoni njia yote kana kwamba nikisimama litakwenda haraka. Pale Isinya nilikuwa naangalia magari yanayorudi Nairobi, nikitafuta Probox nyeupe ya Mutunga, na nikaziona sita. Kwenye moja kati ya hizo mama alikuwa amekaa na ndoo tupu, au labda bila ndoo, sijui. Tulipishana hivyo. Kajiado nikachukua pikipiki, na nikafika kwenye geti la shule saa kumi na dakika arobaini.

Askari aliyekuwa getini jina lake limeandikwa kifuani, Lemayian. Alinisalimia kwa Kimaasai, takwenya, nikaitikia iko, kwa vile nilikua nyuma ya kaunta ya mama na wateja wake wote walikuwa wafugaji. Akafurahi. Halafu akaniambia kwa upole kwamba nimechelewa, visiting imeisha, wageni wa mwisho wametoka. Nikamwambia nimetoka Amerika. Akasema pole kwa safari. Akaniuliza nimekuja kumwona nani, nikamwambia Wangui wa Form Three, ndiyo akafungua kitabu cha wageni, si kwa ubaya, alikuwa ananisaidia.

"Huyu mama yake amekuja," akasema. "Ametoka saa tisa unusu. Huyo mama hajawahi kukosa hata siku moja."

Aligeuza kitabu nione. Ni mwandiko wa mama, ule wa kukandamiza kalamu mpaka ukurasa wa pili. Jina la mwanafunzi, Wangui. Jina la aliyemtembelea, Wangui. Uhusiano, mama. Akafungua nyuma, muhula wa kwanza, mwaka jana, na kila mahali ni hivyo hivyo. Majina yanafanana, nani angeuliza? Sikumlaumu. Kadi ya visiting hutolewa moja kwa kila mtoto, na siku ya kuingia Form One aliyekuwepo ni yeye.

"Na wewe ni nani wake?" Lemayian akauliza.

Nikasema mimi ndiye mama yake. Alinitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo ilinichoma. Nilikuwa na gauni limejikunja, nywele zimesimama upande mmoja, na alama ya kitambaa cha kiti kwenye shavu. Hata mimi nisingejipa mtoto.

Kutoka pale getini unaona uwanja wao. Wasichana walikuwa wamekaa vikundi vikundi wakimalizia vyakula vilivyobaki, wote sweta za kijani, wote nywele fupi, na jua la jioni liko nyuma yao. Nilianza kuwaangalia mmoja mmoja. Nina picha zake mia tatu kwa simu. Nimezungumza na uso wake kila Jumapili kwa miaka. Nikaangalia, nikaangalia, na haki ya Mungu sikuweza kusema ni yupi.

Halafu nikaona ndoo. Ya buluu, kifuniko chekundu, iko katikati ya wasichana watatu, na mmoja amepiga magoti anagawa chapati. Ndoo niliitambua mara moja, pamoja na ukubwa wa uwanja wote ule. Kati ya wale watatu mmoja alikuwa wangu. Ningeita jina. Sauti iko, pumzi iko. Niliogopa ageuke anione, halafu awaulize wenzake yule ni nani. Nikashika chuma cha geti, sikuita.

Lemayian alimwita mwalimu wa zamu, Madam Naisenya, mwanamke mfupi mwenye miwani. Nilimwonyesha pasipoti, picha, tikiti ya ndege. Alisikiliza yote. Akasema ananiamini, lakini getini kuamini hakutoshi, kwa sababu watu huja na picha na maneno mazuri na wasichana ni wengi. Akafikiri. Akasema nije kesho saa moja asubuhi kabla ya ibada, na huyo mama mwenye kadi. Yeye akisimama hapa akasema mimi ni nani, nitapewa saa moja na mtoto. Akasisitiza kwamba saa mbili kamili wanaingia kanisani, na hakuna kesho nyingine. Nikamwomba asimwambie Kui kitu. Hilo alinikubalia haraka, nikajua anawaza kwamba kesho huenda nisitokee.

Nilirudi Kitengela giza limeingia. Mama alikuwa sebuleni, taa imewashwa, chakula changu kimefunikwa mezani kwa sahani ya maua. Aliinuka aniwekee maji ya kunawa na hapo nilishindwa. Niliongea mambo ambayo sitayarudia yote. Nilimwambia alitaka kwenda peke yake. Nilimwambia ameona kitabu kile kimeandikwa mama, mama, mama, akasema moyoni hapana, huyu asiniharibie. Nilimwambia amenichukulia mtoto na jina likamsaidia. Ulimi wangu ni mbaya nikichoka, na nilikuwa nimechoka kwa mabara mawili.

Mama aliweka jagi chini. Hakukasirika, na ningependa angekasirika.

"Nilikuamsha," akasema. "Saa mbili, Mutunga akiwa mlangoni. Nilikushika bega, nikakuita. Ulifungua macho ukaniangalia. Ukaniambia kwa Kizungu, si zamu yangu."

Nikamwambia sikumbuki. Na kweli sikumbuki. Lakini nilijua ni kweli, kwa sababu kule Tacoma simu hulia usiku, msimamizi akitafuta mtu wa kujaza zamu ya usiku, na nimezoea kumjibu hivyo hivyo nikiwa ndani ya usingizi, maneno hayo hayo, halafu nageuka ukutani.

"Nikasema, mtu aliyechoka mpaka hamjui mama yake, huyo haamshwi. Mgeni aliyetoka mbali anaachwa alale. Nikakufunika, na simu yako ilipolia tena nikaifunika nayo. Mtoto alikuwa anangoja, nikaenda."

"Na Kui ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu. Ningemwambia nini, Waceke? Kwamba umekuja umelala?"

Nilikaa. Nililia kama mtoto mdogo, kamasi na zote, na mama akaniacha nilie. Baadaye akaniambia mtoto alikula chapati saba na akauliza ni nani amezipika, maana si za cucu, cucu hazikunji hivyo. Mama akamwambia ni za mtu wa hapo nyumbani. Kui alisema huyo mtu apike tena.

Nilimweleza yale ya mwalimu, saa moja asubuhi, kadi, na kwamba itabidi yeye asimame getini aseme. Akasema atasema. Kadi aliitoa kwa mkoba usiku huo huo akaiweka juu ya Biblia. Alisema pale kwenye uhusiano hakuwa anaandika uongo, alikuwa anajaza nafasi iliyokuwa wazi, lakini kesho kalamu nitashika mimi. Mutunga alipigiwa akasema saa kumi na moja unusu atakuwa nje, na nisipokuwa kwa gari saa hiyo anaondoka, ana watu wa kanisa wa kubeba.

"Sasa utaamka?" mama akaniuliza.

"Niamshe wewe."

"Na ukikataa?"

"Niamshe hata nikikataa. Kama zamani. Mami, mimi si mgeni."

Alichukua sahani yangu akaanza kwenda nayo jikoni, halafu akasimama, akarudi akaniwekea mkononi, akaniambia sufuria ya maharagwe bado haijaoshwa na ndiyo niliyoitupa chini nikitafuta simu. Nikaenda nikaosha. Alikuja akasimama mlangoni akaniambia sijasugua chini.

Usiku huo nililala saa tatu. Saa saba nikaamka, bila shaka. Mbwa alibweka kazi yake yote mpaka saa tisa, tangi likadondoka, na mimi nikalala pale kwa kitanda cha binti yangu nikiangalia juu. Sikuwasha taa. Sikupika. Nilikuwa na hofu ya kuonwa na mtoto wangu, kubwa kuliko hofu niliyowahi kuwa nayo kwa mtu yeyote, na sikuwa na wa kumwambia. Nilijaribu tena kupanga maneno nikaona yote ni ya simu. Saa kumi jogoo aliwika nyuma ya nyumba. Mama alikuwa amemrudisha.

Saa kumi na moja nikasikia mlango wa chumba chake. Nikasikia ndara zinavutwa, magoti yake hayo, polepole kwenye korido, zikapita jikoni, bomba likafunguliwa na kufungwa. Ningeweza kukaa kitandani nimpokee na salamu, nimwambie usihangaike, niko macho tangu saa saba. Gauni lilikuwa limenyooshwa tayari kwenye kiti. Badala yake nilivuta blanketi mpaka juu ya kichwa, nikageukia ukuta, nikafunga macho, nikaanza kupumua kama mtu aliyelala fofofo.

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Mkono ukashika blanketi.

"Evalyne Waceke," mama akasema, kwa ile sauti ya majirani. "Amka. Mtoto wako anangoja."

Sikufungua macho upesi. Nilitaka aniite mara ya pili.